Bomba Lipo

Swali la kumi na saba lilikuwa fupi:
Je, kaya ina bomba la maji?
Ndiyo, bonyeza moja. Hapana, bonyeza mbili.
Kishikwambi hakikuwa na tatu.

Kwa Somoe binti Chande, Kiwalani,
nyuma ya mashine ya kusaga, uchochoro wa pili,
bomba lilikuwepo. Nililiona kwa macho yangu.
Limesimama kando ya choo, shingo imepinda,
na shingoni wamelitundika dodoki,
kandambili moja ya mtoto
na kifuko cha vitunguu.

"Yanatoka?" nikauliza, ingawa sikutumwa.
Akacheka. Akamwita jirani aje acheke naye.
"Yalitoka siku ya kukata utepe.
Mheshimiwa akanawa mikono, akajifuta,
akaondoka na maji yake."

Nikampigia msimamizi, Rweyendela.
"Bomba lipo?"
"Lipo, ila..."
"Kwenye dodoso hamna ila. Weka moja."
Nikaweka moja.
Jua lilikuwa la utosi, zimebaki kaya kumi na nne,
na posho hulipwa kwa kaya, hailipwi kwa ila.

Miezi saba baadaye nipo Tabata Relini, nala chipsi mayai,
runinga ya kibanda inaning'inia juu ya friji,
mara moja yangu ikapita, imevaa suti.
Asilimia tisini na moja, alisema waziri,
akanyamaza kidogo ili wapige makofi,
wakapiga.
Tisini na moja ya nini? Ya nani? Ya saa ngapi?
Pale chini ya kioo maandishi yalikuwa yanakimbia,
yanawahi bei ya petroli na matokeo ya mpira.

Kesho yake gazeti likachora minara miwili:
wa mwaka ule, mfupi kama kigoda,
wa mwaka huu, mrefu kama mnazi.
Nikatafuta sifuri pale chini, sikuiona.
Mchoraji kaanzia themanini na nane,
kama baba anayempima mwanawe kimo
huku kamsimamisha juu ya meza.

Wapinzani nao wakaja Mwembeyanga na karatasi yao:
"Nusu ya jiji ina kiu!"
Nikaisoma mpaka maandishi madogo ya mgongoni.
Waliwahoji watu mia mbili,
wote kwenye foleni ya kisima kimoja,
Jumamosi ambayo umeme ulikatika.
Nao wakapigiwa makofi, na mimi nilipiga,
kwa hasira ya ile moja yangu.

Haba na haba hujaza kibaba, tuliimbishwa shuleni.
Hatukuambiwa kibaba ni cha nani.

Na wastani, huo ndio mchawi asiyekamatwa.
Kwa wastani kila mtu hapa anatumia lita kadha kwa siku:
bwawa la kuogelea la Masaki limechukuliwa,
likagawanywa kwa haki, kikombe kwa kikombe,
na Somoe kapewa fungu lake kwenye jedwali.
Hana habari. Hajawahi hata kulowa kidole.

Jumapili nikarudi Kiwalani bila kishikwambi.
Nilimkuta anashusha madumu kwenye toroli,
anabishana na muuzaji juu ya mia mbili.
"Karani," akasema, "nimesikia redioni kwamba nina maji."
Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.
Akatungua dodoki, akatungua kandambili,
vitunguu akanipa nishike,
kisha akafungua koki mpaka mwisho,
kwa ustaarabu tu,
asije akaonekana mbishi mbele ya taifa.

Tukainama wote, hata muuza maji.
Bomba likakohoa.
Buibui mdogo akatoka mdomoni,
akatazama huku, akatazama huku,
akarudi ndani.

"Na huyu," Somoe akauliza,
"huyu naye mlimhesabu?"