Si Jua, Ila Hawajui

Bonde la Pasvik, Desemba. Kipimajoto cha dirishani
kimeshuka hadi thelathini chini ya sifuri, kikagoma hapo.
Jua tuliagana nalo wiki ile mbwa wa Oddlaug
alipotumbukia mtoni, barafu ikiwa bado changa.
Litarudi Januari, kwa dakika chache,
jekundu, kama jicho la mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Nina kuku tisa. Walinyonyoka Oktoba,
vifua wazi kama viti vilivyochanika kitambaa,
kisha wakanyamaza. Kiotani likabaki yai la mti
nililowawekea mwenyewe, kuwatia shime.
Wiki tatu nikanunua mayai dukani, kwa haya,
nikiyafunika kwa mkate Oddlaug asiyaone.

Akayaona. "Waache wapumzike," akasema.
"Hata dubu hulala."
Nikamwambia dubu simlishi mimi.

Saa kumi alfajiri
(alfajiri ni neno tu huku)
swichi yalia tiki, taa ya manjano yawaka bandani.
Nayo huwaka hadi saa kumi na mbili jioni,
halafu namwachia zamu kitaa chekundu, dakika ishirini,
wapande fito kwa utaratibu,
maana kuku akishikwa na giza sakafuni
hulala hapohapo alipo, na baridi haina huruma.

Taa haiwapi joto. Joto wanalo, wamelivaa.
Kinachoua ni unyevu, pumzi yao wenyewe
ikirudi kuwalowesha usiku.
Kwa hiyo tundu la juu siliziba,
hata Oddlaug akisema nawatesa.
Maranda nayarundika mpaka magotini;
chini kabisa yanachachuka, yanafuka kidogo
ukiyafukua kwa reki.

Maji vuguvugu, mara nne. Birika nalibeba ndani ya koti.
Vichwa vya samaki nachemsha, nyumba nzima inanuka bandari.
Maganda nasaga kwa chupa.
Magharibi, konzi ya mahindi kila mmoja,
waende nayo kulala, itwange tumboni usiku kucha.
Bibi Posta, mwenye undu mkubwa kupita wote,
nampaka mafuta ya mgando.
Hunitazama kana kwamba nimemvua kofia kanisani.

Na mimi nimepewa taa.
Daktari Vigdis aliniuliza nalalaje.
Nikasema, kama jiwe, ila jiwe haliamki limechoka.
Akaniuliza kinachonifurahisha siku hizi.
Nikasema kuku, kisha nikakumbuka hawatagi,
nikalia pale pale, juu ya ile karatasi ya kitandani.
Basi, nusu saa kila asubuhi, macho wazi,
mbele ya mwanga mweupe kama karatasi ya mtihani.

Jikoni nilishindwa. Nikaipeleka bandani,
nikaketi juu ya ndoo niliyoipindua, uji mkononi,
sisi kumi tukiota mwanga.
Si jua. Kuku hawajui.
Mimi najua, na bado linanifaa.

Tarehe kumi na tisa, yai.
Nilichelewa; baridi ilikwisha kulipasua kwa urefu,
ufa mwembamba, kama mstari wa penseli.
Nikaliingiza ndani kwapani, nikaliweka kwenye sahani,
nikavuta kiti.
Saa nzima nililitazama likiyeyuka,
ute ukijimwaga taratibu
na kiini kikibaki kimesimama, duara,
kikaidi.
Sikumpigia mtu simu.
Nililikaanga, nikala kwa kijiko.

Sasa ni manne kwa siku, matano nikibahatika.
Jana nilimpelekea Oddlaug sita ndani ya soksi ya sufu.
Aliyapima mkononi, moja moja,
akayanusa, akasema, "Umewadanganya."
Nikasema ndiyo.
Akayapanga rafuni, akanifungulia mlango,
theluji ikaingia mpaka kwenye zulia.
Nilikuwa nimeshafika getini nilipomsikia,
sauti ya chini, kama anayemwuliza mbwa:
"Ile taa yako nyingine.
Ile ya kukaa mbele yake.
Wanaiuza wapi?"