Kinyozi wa Timmappa

Nilimnyoa Timmappa Nadkarni mara ya kwanza
mwaka ule aliposhtakiwa kwa konzi ya chumvi.
Shingo changa, haina hata kunyanzi.
Akacheka: "Punguza zote, Manjappa,
gerezani chawa hawangoji hukumu."

Miaka miwili. Aliporudi,
kisogoni palikuwa na kovu la ukubwa wa kokwa ya tende.
Sikuuliza. Wembe ukalizunguka.

Kisha bendera, kisha kura, kisha uwaziri huko Bombay.
Gari la serikali likasimama mbele ya kibanda changu,
na watu wakamfuata na barua zao:
shamba lililoporwa, kisima, mwana asiye na kazi.
Alizipokea zote, povu lingali kidevuni.
Nyingine alizijibu.

Mwaka Gangavali ulipofurika ukatubebea ng'ombe,
hakuja.
Hilo silisemi sana, ila nalisema.

Alipobwagwa kwenye uchaguzi alikuja kwa miguu,
ndara mkononi, ukanda umekatika.
Nikakataa malipo. Akaiweka sarafu juu ya kioo:
"Nguo ya kuazima, Manjappa, haistiri makalio.
Hii walau ni yangu."

Jana asubuhi waliniita nyumbani.
Wamemlaza ukumbini, kichwa kaskazi wala kusi sikumbuki,
maji ya vuguvugu kwenye bakuli la shaba.
Mvi zilikuwa laini kama ile pamba aliyokuwa akiisokota.
Nilipofika kisogoni mkono ukazunguka wenyewe.

Mwanawe, aliyeshika taa, akaniuliza:
"Kovu hili alilipata wapi?"
Nikamwambia, nilidhani wewe unajua.