Chuku

Mita kumi na mbili chini ya tishari la bandari,
nikipapasa topeni mnyororo uliokatika,
nina mafua, pua nimeibana.
Kosa lenyewe dogo kuliko punje ya mtama:
kusahau kupumulia puani, fuu, mara moja,
kuilisha hewa miwani iliyoshikwa na njaa.

Maana hewa ukishuka nayo husinyaa,
kioo hakisinyai,
kinachobaki cha kuvutwa ni wewe.

Miwani ikageuka chuku,
ile pembe ya muumikaji wa Duga:
anafyonza, anaziba kwa nta,
ngozi inaumuka kama andazi.
Safari hii ngozi ilikuwa macho.
Wala sikuumia. Nilibanwa tu,
kama na mgeni anayekukumbatia asiachie.

Juu, Segumba alinivua miwani, akanyamaza.
Segumba, ambaye hanyamazi hata akila.
Akanipiga picha kwa simu, akanipa nijitazame.
Weupe wote umekwisha. Ini bichi,
na mboni mbili zimekwama katikati.
Nilijiona vizuri mno, hilo ndilo la ajabu;
niliona hata kifungo kilichokatika shatini mwake.

Bombo, daktari alinisomesha herufi za ukutani,
nikazimaliza, nikasoma na jina la kiwanda chini kabisa.
"Damu imevuja chini ya utando. Wiki tatu.
Itapita kwenye manjano, itaondoka.
Na mafua usizame nayo."

Nikarudi Ngamiani kwa miguu.
Barabara ya Kumi na Mbili, muuza chapati
aliniwekea chenji mezani, si mkononi.
Mama mmoja alimfunika mwanawe kwa ncha ya khanga.
Nikieleza habari za hewa na kioo
wananong'ona: huyu anapiga chuku.
La. Chuku ndiyo iliyonipiga.

Usiku wa nne akanijia Bi Mwanashamba,
mbanika samaki wa Sahare,
miaka thelathini juu ya moshi wa makumbi,
macho yake mekundu hivi hivi.
Tukitoka chuoni tulimpita mbio, pumzi tumezizuia.
Hakuna aliyemwazima hata chumvi.
Tulimpa jina. Sitalitaja;
mimi ndiye niliyelitunga.
Amezikwa nalo.

Wiki ya tatu weupe ulirudi, ukianzia pembeni.
Muuza chapati ananipa chenji mkononi,
ananiuliza habari za kazini.
Namjibu, nzuri.