Muhuri

Kayenze, saa mbili asubuhi. Ziwa limetulia,
mawe yamebebana kama kawaida yao,
na Nkwimba, mweka hazina wa kamati ya maji,
anafungua kufuli la pampu bila kunisalimu.

Nateremsha kipimo ndani ya bomba,
chuma, inchi sita; kamba ina rangi kila mita.
Chini ya maji kinapiga ukelele
ambao popo pekee angeugeukia,
kisha kinanyamaza, kinatega sikio.

Sheria yake ni fupi:
bomba lililokumbatiwa na saruji
ukiligonga husema neno moja, likanyamaza.
Lenye uwazi mgongoni
hulia, likalia, likaendelea kulia.
Mnajua wenyewe. Debe tupu.

Mita ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.
Ya tatu, kimya kizito, cha mtu aliyeshiba.
Ya nne,
mstari kwenye kioo unatetemeka, hautaki kutulia,
na ya tano vilevile, na ya sita,
mpaka ya tisa.

Hatua thelathini juu ya mteremko kuna vyoo vya shule.
Hapo sihitaji mashine.

Nkwimba anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne:
*Kisima kimezibwa kikamilifu. Mifuko arobaini.*
Muhuri wa bluu, mviringo, umekolea vizuri.
Saini iliyo chini yake ina mkia mrefu.
Naujua mkia huo. Ni wangu.

Ilikuwa Ijumaa ya masika, gari lilikwama Igombe.
Nilikuta saruji imeshamiminwa, mchimbaji ameshanawa,
akasema, shimo limekula yote, mhandisi.
Nikagonga bomba kwa spana, mara moja, juu juu.
Lilitoa sauti ndefu.
Nilidhani ndivyo chuma kinavyoongea.

"Watoto kumi na mmoja," anasema Nkwimba.
Hasemi wa nini. "Zahanati wana daftari."

Naomba kalamu. Muhuri nauacha mkobani.
Naandika: *mita ya nne hadi ya tisa, hakuna kitu,*
kisha jina langu lote, kwa herufi za kusomeka.

Anasoma polepole, mpaka nukta ya mwisho.
Halafu anainama, anagonga bomba kwa funguo,
anaweka sikio pale, anangoja,
anangoja tena.

"Bado linalia," anasema.