Noti ya Chini

Nimenunua.
Acha niandike hivyo tu, kisha nipumue.
Jumanne, saa nne na robo asubuhi, mjini Hualien,
mvua imekatika sasa hivi,
na Bwana Hsiung bado anahesabu noti zangu,
analamba kidole, anahesabu tena,
kana kwamba mwanamke wa miaka hamsini na mitatu
hajui bei ya uchu wake mwenyewe.

Mimi kazi yangu kusawazisha sauti za piano.
Miaka kumi na mmoja kisiwani Taiwani
nimeinamia nyaya za watu,
shuleni, makanisani, sebuleni penye mbwa wa kunusa viatu,
nikikaza, nikilegeza, nikisikiliza
kile ambacho wengine huapa kwamba hakipo.
Basi sikuuliza kasi.
Sikuuliza linakunywa mafuta kiasi gani.
Nilisema: liwashe.

Likawaka.
Mlio wa kawaida hutoka mbele ukaja sikioni.
Huu ulipanda kutoka sakafuni, ukapita nyayoni,
ukajipumzisha magotini,
ukajaribu meno yangu moja moja
kama mtoto anayepapasa vibao kwa mara ya kwanza.
Chini ya noti ya chini kabisa,
pale ambapo piano imeishiwa na mbao,
kumbe kuna chumba kingine,
na mtu ameacha taa inawaka.

Kilo mia tatu na arobaini.
Tangi jeusi, limevimba kama shavu la mpiga tarumbeta.
Usukani mpana, unanikunjulia mikono
kama shangazi aliyekuja na zawadi.
Kwa ajili yake nilifeli mtihani mara mbili,
wala si kwa mwendo wa kasi:
wanakutaka upite juu ya mstari mwembamba
polepole, polepole mno, bila kushusha mguu.
Nguvu zote zile, na wanachopima ni subira.

Akiba haiozi, husema watu.
Yangu ilikuwa imeanza kunuka.
Ilikaa ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati,
na kwenye kifuniko nilikuwa nimeandika, kwa Kilithuania, neno moja:
kurudi.
Kila mwaka mpya nililishusha, nikafuta vumbi,
nikaongeza, nikalipandisha.

Nimempigia mama, Panevėžys, kungali usiku kwao.
Sikumwambia kitu. Niliweka simu karibu na bomba la moshi,
nikavuta mafuta kidogo.
Alinyamaza muda mrefu.
Nikamsikia akitafuta miwani, sijui ya nini.
Kisha akasema: “Danguolė,
hilo halitaingia kwenye ndege.”
Nikamjibu: “Halitaingia, mama.”
Akauliza kama nina koti zito.

Mama Chuang, mwenye nyumba wangu,
amefunga utepe mwekundu kwenye usukani,
amelizunguka mara tatu na udi mkononi,
akalipiga kofi matakoni kama ng'ombe mnunuliwa.
“Likikuua,” akasema, “kodi ya mwezi huu usisahau.”

Sasa barabara ya bonde, kusini.
Milima kushoto, milima kulia, mashamba ya mpunga yamejaa mawingu.
Bwana Hsiung ameniapisha: injini changa,
usilikamue, kilomita elfu za mwanzo ni za adabu.
Nimekuwa na adabu hadi daraja la pili.
Pale palikuwa wazi, pamenyooka, pamekauka,
na mkono wa kulia ulijigeuza wenyewe, naapa.
Nilipiga ukelele ndani ya kofia ya chuma.
Sikumbuki ulikuwa wa lugha gani.

Kwenye begi la nyuma, spana zangu na uma wa sauti.
Shule ya Guangfu inanisubiri, piano yao imelowa unyevu,
nimechelewa, watoto wamejazana dirishani
wakitazama kibao changu chekundu.
Nimeketi. Nimefungua kifuniko.
Nimegonga uma, nikaunyanyua,
na mkono unatetemeka bado,
unaimba wimbo wake wenyewe chini ya huu wa chuma.

Imebidi ningoje.
Mwalimu ameniletea chai, akadhani ninaumwa.