Bawa la Saba

Usiniambie joto limepanda. Hilo mshale umeshalisema.
Niambie: eksozi ilikuwa inatema maji
au ilikuwa inakohoa kikavu,
kama mtu aliyebugia unga wa muhogo?

Surjit hajui. Alikuwa anatazama tanga.
Upepo ulimfia katikati ya ghuba,
akawasha injini arudi Kisumu,
na kabla hajaona paa za mjini
mvuke mweupe ukaanza kumfuata nyuma.
"Ni themostati," anasema.
Kila mwenye boti ana neno moja analolipenda.

Mimi Akeyo, niliyejifunzia kazi
kwenye mashine ya kusaga mahindi kule Ahero,
naanzia pale maji yanapoingilia.
Ukitaka kujua yamekwama wapi
yafuate mwendo wao, usiwakatie kona.

Valvu ya chini: wazi.
Nachomoa mpira wake, ziwa linanirukia hadi kiwikoni,
kijani, vuguvugu,
lina harufu ya samaki na sabuni ya waosha magari.
Haya. Ziwa linaingia. Funga.

Chujio: hapo nacheka.
Ndevu za gugumaji zimejisokota humo kama nywele bafuni,
na omena mmoja, macho wazi,
kama aliyefika akakuta ofisi imefungwa.
Nasafisha. Tunawasha.
Eksozi inatema tonge moja la maji,
inafikiri,
inatema nusu.
Mshale unapanda.
"Si nilikuambia themostati?"

Zima.

Pampu. Skrubu sita, moja imeliwa kichwa
(mafundi walionitangulia nawajua kwa makovu waliyoacha).
Naivuta impela: mpira mweusi, wa mabawa sita.
Nahesabu manne.
Nahesabu tena, kwa kidole,
maana jicho hupenda kukamilisha.
Manne.

Hapa ndipo wengi huweka mpya, wakalipwa, wakaenda zao.
Lakini mpira hauyeyuki.
Mabawa mawili yamo humu humu,
yalisafiri na maji mpaka mahali
maji yakapita yenyewe, kwa shida, yakayaacha.

Bomba la kwanza, safi. Kiungo cha kona, safi.
Mdomo wa kipozeo: tochi ya simu mdomoni mwangu,
koleo la ncha nyembamba, pumzi nimeibana.
Moja.
Nyuma yake, limelala ubavu, la pili.
Nimeshajipangusa mikono ndipo naliona jingine.

Sita toa nne ni mbili.
Mimi ninayo matatu.

La tatu ni gumu kama ukucha,
pana kuliko wenzake, limepasuka pasuka ukingoni.
Ni la pampu nyingine, la fundi mwingine,
la siku ambayo hakuna aliyehesabu.
Namwekea Surjit kiganjani.

Anakaa juu ya sanduku la betri.
Boti hii aliinunua baba yake.
Miaka yake ya mwisho mzee hakufika tena Ndere;
kila akijaribu joto lilipanda, akageuza.
Akalaumu dizeli. Akalaumu injini.
Mwishowe akaacha kulaumu, akawa anasema tu,
"Hii imezeeka na mimi. Haitaki tena mbali."

Surjit anakigeuza kile kipande,
anakipima na ukucha wa dole gumba lake.
Vinatoshana.
Mimi sisemi kitu. Nina skrubu za kufunga,
na ile iliyoliwa kichwa nimeipatia mwenzake mpya.

"Fungua valvu," namwambia. Huwa wanasahau.
Anafungua. Anawasha.
Kohozi. Hewa. Kimya kinachotutoa jasho.
Kisha maji, mkupuo kwa mkupuo,
yanapiga ziwa kama mtu anayemwaga beseni uani.
Mshale unapanda hadi katikati
na hapo unakaa.

"Na themostati?"
"Nzima. Iache."

Bawa la saba analitia mfukoni mwa shati,
anafunga kifungo, ananiuliza bei.
Namtajia bei ya mabawa mawili.