Mapindo Kumi na Matatu

Saa kumi alfajiri, Oruro bado barafu,
naweka nyama, viazi, zeituni moja,
kisha naufunga ukingo wa saltenya:
kunja, bana, kunja, bana,
mapindo kumi na matatu.
Nikiruka moja tu,
mchuzi utatafuta njia tanurini.

Nayra alizaliwa na pindo lililorukwa.
Chini kiunoni, upana wa sarafu,
uti wake ulikuwa nje, unameta.
Mgongo wazi, akasema daktari.
Shangazi Saturnina akasema: mwezi.
Eulogia alitoka uani usiku wa kupatwa
bila utepe mwekundu tumboni.

Daktari hakumcheka. Alitwaa karatasi,
akaikunja ikawa mrija.
“Uti hujifunga hivi, mwezi wa kwanza,
mama mara nyingi hana habari.
Hatujui sababu zote.
Vidonge vya foliki husaidia,
ila vianze kabla ya mimba.
Na wewe, mama, huna kosa.”
Eulogia alitazama dirisha.

Foliki!
Miaka sita nalibeba neno hilo begani,
limechapwa kwenye magunia ya unga,
nikidhani ni jina la kiwanda.
Na mke wa mwoka mikate hali mkate;
tangu utotoni yeye ni viazi vikavu tu.

Siku ya pili wakamshona.
Wiki ya tatu wakampitishia mrija chini ya ngozi,
utoe maji kichwani, uyamwage tumboni.
Nililala sakafuni mwa hospitali
nikinuka hamira.

Sasa ana miaka saba.
Kila baada ya saa nne anajitolea mkojo kwa mpira,
mlango kafunga, anahesabu kwa Kiaimara,
na ole wake atakayebisha hodi.
Magongo yake nayasikia toka kona ya mtaa.
Jumamosi anakaa kushoto kwangu, anabana ukingo.
Mapindo yake ni kumi na matano.
“Za baba zinavuja,” huwaambia wateja.

Jana alikuja Ximena wa duka la nyuzi,
bibi harusi wa mwezi ujao.
Nikamrudishia chenji, na juu ya chenji
pakiti ya vidonge.
Uso ukamwiva.
“Nani kakwambia nina mimba?”
“Hakuna,” nikasema. “Ndiyo maana.”

Foleni nzima kimya.
Nayra, bila kuinua kichwa,
akaomba zeituni.